Mikono ya Ndahani, Masikio ya Mihambo

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, maana wahusika wake bado wanakula ugali wao, palikuwa na kitalu cha uwindaji upande wa magharibi, mbele ya Manyoni, penye vichaka vizito na nyati wengi. Watu watatu waliingia humo pamoja na kutoka pamoja.

Wa kwanza alikuwa Ndahani, Mgogo, mfuata nyayo. Macho yake yalijua kwato, lakini fahari yake ilikuwa masikio. Wale ndege wala kupe, wanaokula kupe mgongoni mwa nyati na kufichua alipo, yeye aliwasikia kabla ya wengine wote. Akiinua kidole, msafara mzima ulisimama.

Wa pili alikuwa Mihambo, Mnyamwezi. Yeye alibeba fito tatu zilizofungwa pamoja kwa juu, alizosimamisha ili mgeni aegemeze bunduki na kulenga. Fito zikitikisika, risasi hupotea. Kwa hiyo Mihambo alizishika kwa mikono yote miwili, hatua moja tu kutoka kwenye mdomo wa mtutu.

Wa tatu alikuwa Nyamizi, askari wa wanyamapori, mwenye bunduki ya serikali. Bila yeye mgeni haruhusiwi kuwinda. Wageni walikuja na kuondoka, Nyamizi alibaki.

Aliyewaongoza wote ni mwindaji bingwa, Bwana Feruzi.

Sasa akaja mgeni, Bwana Henriki, na bunduki ya risasi nene. Kwenye ncha ya mtutu palikuwa na chuma chenye matundu ubavuni. Wenyewe hukiita breki. Breki humpunguzia mpigaji teke la bunduki, lakini upepo na mlio huutupa pembeni na nyuma, kwa waliosimama kando. Mpigaji hupona bega, jirani huumia sikio.

Bwana Feruzi alimwomba aifungue breki hiyo. Mgeni akaeleza kwamba bega lake limepasuliwa na madaktari, na bila breki hufumba macho kabla ya kufyatua. Bwana Feruzi akapima. Mgeni anayefumba macho hujeruhi nyati, na nyati aliyejeruhiwa huua watu. Breki ikabaki.

Mgeni mwenyewe alikuwa na vifuniko vya masikio, viwili vikubwa vilivyounganishwa kwa utepe juu ya kichwa, kama vya watangazaji wa redio. Ndani yake mlikuwa na kijimashine. Sauti kubwa kilizizuia, sauti ndogo kilizikuza. Alivivaa akacheka, akasema anawasikia mchwa wakitafuna.

Na wenzake je? Vizibo vya sponji vilikuwapo, boksi zima, ndani ya gari. Hakuna wa mbele aliyevivaa, kwa sababu aliyevaa sponji hasikii ndege, wala hasikii Bwana Feruzi akinong'ona, "Kushoto kidogo." Walitumia vidole. Lakini Mihambo vidole vyake vilikuwa kwenye fito. Ndipo Ndahani akabuni utaratibu. Husimama nyuma ya Mihambo, humziba masikio kwa viganja, kisha sikio lake moja hulilaza mgongoni kwa Mihambo na la pili hulibana kwa bega lake mwenyewe.

Basi ikawa hivi kila siku. Bwana Feruzi anainua mkono. Mihambo anashika fito. Ndahani anashika masikio ya Mihambo, kisha analaza kichwa. Nyamizi anaziba yake. Mkono unashuka, bunduki inalia.

"Wazee wangu wangeniona nimeshika masikio ya Mnyamwezi bila kuyavuta," Ndahani alisema siku moja, "wangenikana."

"Shika tu, mtani," Mihambo akamjibu. "Viganja vinanuka ugoro, lakini shika."

Asubuhi moja wakamkuta dume la nyati, mzee, amesimama ukingoni mwa kichaka. Bwana Feruzi akainua mkono. Mihambo akashika fito. Ndahani akashika masikio ya Mihambo. Nyati akageuza shingo, nyasi zikachakarika, na mgeni, ndani ya vifuniko vyake, akazisikia kama mnyama anayetimua mbio. Mkono wa Bwana Feruzi ulikuwa bado juu. Bunduki ikalia.

Viganja vya Ndahani vilikuwa vimefika. Kichwa chake kilikuwa hakijalala.

Hakusikia maumivu kwanza. Alihisi upepo wa moto shavuni, kisha dunia ikaenda mbali, kisha nyenze mmoja akaanza kulia ndani ya kichwa chake, mwembamba, bila kupumua. Aliuona mdomo wa Bwana Feruzi ukimgombeza mgeni. Maneno hakuyapata. Nyati alikuwa amepigwa tumboni na kuzama kichakani.

Ndahani hakusema. Angesema, angerudishwa garini, na damu ilikuwa pale majanini ikimngoja. Akatangulia mbele kama siku zote.

Ndege wala kupe wakalia upande wa kushoto. Ndahani akaendelea kutembea. Mihambo, aliyekuwa nyuma yake, akawasikia, akamdaka shati, wakaanguka wote wawili. Nyati akatoka. Mgeni akaganda. Bunduki ya Bwana Feruzi ikanaswa na matawi. Nyamizi, bila kuziba chochote, akapiga juu ya vichwa vya walioanguka, mara moja. Dume akaanguka karibu nao kiasi kwamba vumbi la kishindo chake liliwaingia kinywani.

Siku ya kuondoka, mgeni hakuweza kumtazama Ndahani usoni. Alivua vifuniko vyake akaviweka mezani, akasema kwa kinywa cha Bwana Feruzi kwamba ni vya mmoja wa watatu hao, anayestahili, na waamue wenyewe.

Bwana Feruzi naye akasema lake, kwa sauti kubwa ili Ndahani apate. Mgeni mwingine anaingia leo, kesho anawinda, naye ana breki. Vifuniko vingine vikiagizwa leo, vitafika msimu umefungwa. Asiyesikia ndege hatatangulia tena mbele, atabaki kambini kupaka ngozi chumvi. Na kuanzia kesho mfuata nyayo hasimami kando ya mtutu, ili bunduki moja isile masikio ya watu wawili.

Ninyi mnaosikiliza, msiseme wapokezane. Wote watatu huingia kichakani saa ileile, na mlio huwakuta wote mara moja.

Ndahani akasema, "Niliziba masikio yako kwanza, Mihambo, nikaacha yangu. Nikivaa hivi nitawasikia ndege tena. Nisipovaa, mimi ni mtu wa chumvi."

Mihambo akasema, "Sikatai, mtani. Lakini sikio lako limeshaharibika, na langu bado. Kesho nitasimama mdomoni mwa mtutu peke yangu. Uliniokolea masikio siku ile ili yafe kesho? Na ni haya haya yaliyokuvuta shati, wakati wewe ulijua husikii ukanyamaza."

Nyamizi akasema, "Nyote wawili mnabishania masikio kwa sababu mna vichwa, na vichwa hivyo nilivibakiza mimi. Mgeni huyu ameondoka, mwingine anakuja, baada yake mwingine. Ninyi hupumzishwa kwa zamu. Mimi milio yote ni yangu. Sikio langu la kulia huvuma usiku, sikuwaambia tu."

Kisha Mihambo akavichukua vifuniko, akamwekea Ndahani kichwani, avijaribu angalau.

Ndahani akageukia kichaka. Nyenze alikuwapo bado, lakini nyuma yake, mbali, ndege wala kupe walikuwa wakilia. Alisikia sufuria ikichemka jikoni. Akasikia pia, mgongoni kwake, sauti ambazo hazikukusudiwa kumfikia.

"Mwachie," Mihambo alikuwa akinong'ona. "Kesho nitashika fito kwa mkono mmoja, na mmoja nizibe."

"Kwa mkono mmoja zitatikisika," Nyamizi akanong'ona. "Zikitikisika, mgeni atajeruhi nyati. Akijeruhi, tunarudi kichakani."

"Najua."

"Na mimi sina mkono wa tatu. Nitapiga tena bila kuziba."

Ndahani akavivua. Ndege wakazimika, nyenze akabaki. Akavishika mkononi, na viganja vyake vilikuwa vinanuka ugoro. Lango la kambi likafunguliwa. Gari la mgeni mpya likaingia, na ndani yake, kupitia kioo, walikiona kisanduku kirefu cha bunduki.

Haya, ninyi mnaosikia vizuri. Yupo aliyeharibikiwa, yupo atakayeharibikiwa, na yupo anayeharibikiwa kidogo kidogo kila siku. Vifuniko ni vya mtu mmoja, na mgeni anashuka garini. Je, Ndahani amvalishe nani?