Ufunguo wa Usinishike

Hapo zamani, kabla barabara ya kutoka mji wa Maua kwenda Nairobi haijawekwa matuta, palikuwa na pikapu iliyoitwa Usinishike. Jina hilo liliandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kioo cha mbele, na halikuwa jina la bure. Miraa ikishachumwa lazima ifike Nairobi kabla haijanyauka, kwa hiyo pikapu zote za miraa zilikimbia. Usinishike ilizipita zote. Watu walisikia honi, wakavuta watoto wao kando, wakaachiwa vumbi.

Mwenye pikapu alikuwa Mzee Kaimenyi. Alipofariki, pikapu zake zote zenye mbio zilipelekwa Nairobi, kwenye mnada wa wapenzi wa magari ya zamani. Matajiri wakaja na miwani yao ya jua, wakapapasa bodi kama watu wanaochagua ng'ombe. Pikapu moja ikauzwa, makofi. Nyingine ikauzwa, makofi. Ikafika zamu ya Usinishike, dalali akaweka nyundo chini.

"Hii mwenyewe aliiachia wosia," akasema. "Apewe mtu ambaye bila yeye Usinishike isingekuwa Usinishike. Wenye madai wakishindwa kuelewana, iuzwe kama zile nyingine. Ninao wawili hapa: Fundi Musembi aliyeitengeneza, na Mwirigi aliyeiendesha. Karibuni mbele."

Wawili! Nyuma ya umati mwanamke mmoja alilisikia neno hilo, damu ikamchemka. Huyo ni Nkirote, muuza nduma wa ile kona kali ya mteremkoni, ambako dereva haoni kinachomngoja upande wa pili. Alikuwa akichechemea kwa mguu mmoja, na kwa mguu huohuo alikuwa bado anabeba magunia ya nduma mgongoni hadi sokoni. Kwake pikapu haikuwa pambo. Ilikuwa pumziko la mgongo wake.

Akajipenyeza. Askari wa mlangoni akamzuia. "Mama, wauza chakula wako nje."

"Nani amekwambia nauza? Nimekuja kudai changu. Nipishe!"

Akafika kwenye Usinishike, akapitisha kiganja juu ya bodi ya mbele, upande wa kushoto. Laini. Imenyooshwa, imepakwa rangi, inang'aa.

"Hapa palibonyea kwa mguu wangu," akasema kwa hasira. "Mmenyoosha bati mkaacha mguu umepinda! Ndiyo maana mnahesabu wawili?"

Watu wakacheka. Ndiyo, walicheka, na miwani yao usoni!

Fundi Musembi akajibu wa kwanza. "Pole, Nkirote. Lakini tuseme kweli. Nilipoipokea ilikuwa mkokoteni. Mimi ndiye niliyetoa injini kwenye gari kubwa lililopinduka, nikaikata, nikaiunga, hadi feni ikala kidole changu, hiki hapa hakipo. Bila mimi, leo mngekuwa mnagombania bati."

"Injini haioni kona, Fundi," akasema Mwirigi. "Wangapi walipewa ufunguo wakaurudisha wakitetemeka? Mimi niliikalia. Nilipishana na malori kwenye ukungu, nikafika, miraa mbichi."

"Na kona yangu uliiona?" Nkirote akamgeukia. "Sema mbele ya hawa watu, Mwirigi. Ulikuwa unaangalia nini ukiteremka?"

Mwirigi akajibu. "Leso yako, mama."

"Mmesikia! Nikiipeperusha juu, njia ni nyeupe, apite. Nikiishusha, kuna mtoto, kuna mbuzi, apunguze. Hakuna aliyenituma. Nilichoka kuokota kuku waliopondwa nikijua kesho ni zamu ya mtoto. Miaka yote hiyo alipita akipiga honi, hata nduma moja hakununua!"

Kisha akaeleza siku ile. Leso ilikuwa juu, njia nyeupe, Usinishike inateremka mbio, mara mtoto wa jirani akachomoka shambani akikimbiza mpira. Nkirote akamrukia, akamsukuma mtaroni. Mtoto akapona. Mguu wa Nkirote haukupona.

"Na nisingekata usukani ningewaua wote wawili," Mwirigi akasema, sauti imepanda. "Halafu nani alikubeba hospitali? Miraa yote ikanyauka, Mzee akanifukuza kazi siku hiyohiyo!"

"Na breki zilizoshika ni za nani?" Fundi akadakia.

"Asante ya hospitali nilikupa, Mwirigi. Asante ya leso nilipewa na nani?"

Dalali akainua mkono. "Mimi nauliza jambo moja tu. Baada ya siku ile Usinishike haikukimbia tena. Kwa nini?"

"Kwa sababu dereva alifukuzwa," akasema Mwirigi. "Waliojaribu baada yangu waliishia mtaroni."

"Hapana," akasema Fundi. "Niliona damu kwenye bodi, nikaapa sitaigusa tena. Injini ikafa bila mkono wangu."

"Uongo wenu nyote!" Nkirote akapiga bati kwa kiganja. "Ilisimama kwa sababu nilikuwa nimelala kitandani na kona haikuwa na leso. Hao walioishia mtaroni, waliangukia wapi kama si pale pangu?"

Hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Basi tajiri mmoja, aliyekuwa haijui Maua wala ukungu wake, akainua kibao chake kutoa bei. Mwingine akainua chake. Dalali akaishika nyundo. "Mara ya kwanza," akasema. "Mara ya pili." Nkirote bado amesimama mbele ya pikapu, kiganja kwenye bati, hatoki.

Nyundo iko juu, jamani, na mimi siishushi. Fundi amepoteza kidole, dereva amepoteza kazi, mama mguu wake umepinda, na mtoto yu hai kwa mikono yao wote. Haya, msiniangalie mimi, semeni ninyi kabla haijagonga: ufunguo ni wa nani?