Atakayelisemesha Lori la Ndizi

Hapo zamani, nanyi mnaonisikiliza hamjazaliwa bado, palikuwa na lori la kubeba ndizi kule Tukuyu. Wengine husema lilikuwa jekundu. Lilikuwa la kijani. Mwenyewe alikuwa Mzee Mwakajila, mwenye watoto watatu: Ambakisye, Tumpe na Gwakisa. Wote watatu walikuwa na leseni, na wote watatu walilitaka lori lile.

Mzee alikuwa amechoka, akataka kuacha usukani. Lakini ufunguo ulikuwa mmoja. Ampe nani?

Akiwa bado anawaza, redio ya lori ikafa. Redio hiyo ndiyo iliyokuwa ikimweka macho ukungu unaposhuka mlimani. Sasa akawa anajiimbia mwenyewe, na mkewe, aliyekuwa akipanda naye kwenda kuuza ndizi Mbeya, akamwambia, "Baba Ambakisye, kwa sauti hiyo ndizi zitaiva kabla hatujafika sokoni."

Mzee akacheka, na katika kucheka akapata njia. Akawaita watoto, akauweka ufunguo mezani. "Atakayelisemesha lori hili, ufunguo huu ni wake."

Akaanza Ambakisye, mtoto wa kwanza. Akaenda Mbeya, akarudi na redio mpya yenye kioo kipana na taa za rangi zote. Tundu la redio ya zamani lilikuwa dogo. Hakumwuliza mtu. Akachukua msumeno, akaikata dashibodi ya baba yake, na kwa kuwa alikuwa na mkono mzuri, tundu likatoka limenyooka. Akaunganisha nyaya.

"Baba, leo litasema."

"Haya, tusikie."

Akawasha. Redio ikasema neno moja: pwaa! Moshi ukajaa ndani. Lori likanyamaza.

"Kaka," Tumpe akauliza, "muuzaji hakukuuliza ni ya gari gani?"

"Aliniuliza. Nikamwambia gari kubwa."

"Kubwa! Redio hii ni ya volti kumi na mbili, lori lina ishirini na nne. Umemlisha mtoto mchanga ugali wa mpasua mbao."

"Angalau mbu wametoka," akasema Mama huku akikohoa.

Akafuata Tumpe. Yeye hakwenda dukani. Alikwenda gereji moja wanakokata malori ya Kijapani yaliyochakaa, akachagua redio iliyotoka kwenye lori kama lao, ila pana kuliko ile iliyokufa. Haikuwa na kioo wala taa, na namba za vitufe zilikuwa zimefutika. Lakini ilikuwa ya volti ishirini na nne. Ikaingia katika lile tundu la kaka yake bila kulazimishwa.

"Baba, leo litasema."

"Haya, tusikie."

Akawasha. Likasema! Ila redio za Kijapani masafa yake yanaishia chini, na stesheni zetu nyingi ziko juu. Ikashika stesheni moja tu, ya mahubiri, na mhubiri wake alikuwa na sauti ya upole kupita kiasi. Mzee akaondoka na mzigo. Walipokaribia Kiwira, mkewe akamfinya ubavuni kwa nguvu.

"Baba Ambakisye! Unaitikia amina umefumba macho!"

Akafuata Gwakisa, kitinda mimba. Akauliza kwa mafundi mpaka akapata kidude cha ukubwa wa kiberiti, kinachozivuta stesheni za juu zisikike kwenye redio za namna hiyo. Akakichomeka kati ya redio na waya wa antena.

"Baba, leo litasema."

"Si lilishasema?"

"Leo litasema mengi."

"Haya, tusikie."

Akawasha. Dansi, taarab, salamu za wasikilizaji, mpira! Mama akacheza mabega papo hapo kitini. Mzee akaenda Mbeya na kurudi, macho wazi, akibishana na mtangazaji njia nzima.

Wakakaa mezani, ufunguo katikati.

"Ni wangu," akasema Ambakisye. "Tundu nimekata mimi. Redio ya Tumpe ingekaa wapi, mapajani kwa Mama? Tena hasara niliibeba peke yangu, akili mkapata ninyi."

"Ungeniuliza kabla ya moshi, ungepata akili bila hasara," akasema Tumpe. "Baba alisema atakayelisemesha. Hakusema atakayeliburudisha. Lori lilikuwa bubu, nikalishika mimi, likasema."

"Likasema, likambembeleza Baba alale," akasema Gwakisa. "Dada yangu, redio ya lori ni ya kumweka dereva macho. Mimi ndiye niliyewarudisha wazazi wazima."

"Kwa redio yangu!"

"Ndani ya tundu langu!"

"Na mimi niliyemfinya?" akauliza Mama. "Au pale Kiwira aliamshwa na tundu?"

"Mama, wewe huna leseni," akasema Ambakisye.

"Sijauliza leseni. Nimeuliza nani alimwamsha."

Mzee Mwakajila akawatazama mmoja mmoja. Ahadi ilikuwa imetoka kinywani mwake mwenyewe, na nje ndizi zilikuwa zimeshapakiwa, zinangoja dereva.

Haya, ninyi mnaocheka, ufunguo huu nauweka mikononi mwenu. Mmoja alikata tundu, mmoja akaleta sauti, mmoja akaondoa usingizi, na mmoja alifinya tu. Je, nani alistahili kulitoa lori lile asubuhi?