Soksi za Mikono za Lutengano

"Aliyekufumulia ndiye aliyekufumia." Mmemsikia fundi cherehani akimwambia mwanafunzi wake maneno hayo, mkauliza yametoka wapi. Yalizaliwa huku huku Makete, na chanzo chake ni hiki.

Bibi Atuganile alikuwa msusi wa vikapu vya milulu, yale majani marefu ya bondeni. Kikapu chake kilibeba ulezi bila kudondosha punje, na siri yake ilikuwa moja tu: kukaza. Mjukuu wake Lutengano aliletwa alelewe naye akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Ulikuwa mwezi Juni, umande unaganda juu ya majani. Viganja vya mtoto vilipasuka kwa baridi, akawa analia kila akioshwa. Bibi akaamua kumfumia soksi za mikono, ingawa hakuwahi kufuma sufu maishani mwake.

Akaenda kwa jirani yake Tumwitike, mfumaji wa masweta, mwanamke wa umri wa binti yake. Tumwitike akampa sindano na uzi mwekundu uliobaki kwenye sweta la mteja, akamwonyesha namna ya kuanza. Bibi akaenda na kazi nyumbani, na kila kitanzi akakikaza kama alivyozoea kukaza mlulu.

Jumapili baada ya ibada aliileta soksi ya kwanza uani kwa Tumwitike, ambako akina mama walikuwa wakiota jua.

"Hongera, bibi. Mkono huo haujazeeka," akasema mmoja.

"Hii hata mvua haipiti," akasema mwingine.

Bibi akamvalisha mtoto kwa kusukumasukuma. Lutengano akapiga kelele, akautikisa mkono kama aliyeumwa na siafu. Ilipovuliwa, vidole vilikuwa vimepauka.

"Atazoea," wakasema akina mama, wakatazama chini. Huku kazi ya mkubwa haikosolewi mbele za watu.

Tumwitike akapiga goti. "Mama, naomba nikukosee adabu." Akashika ncha ya uzi, akavuta. Soksi yote ikafumuka mapajani mwake.

"Unaniaibisha mbele ya wenzangu?" bibi akauliza kwa sauti ndogo.

"Ningekusifu, mama, ungefuma na ya pili hivi hivi, na mtoto angebaki na baridi yake. Kikapu kinabeba ulezi, kikaze. Hii inabeba mkono, na mkono unataka kukunjuka. Shika sindano mbili kwa pamoja, uanzishe vitanzi juu ya zote, kisha uchomoe moja. Vitalegea vyenyewe."

Bibi akamtazama mtoto anavyopuliza vidole vyake.

"Na nikikaza tena?"

"Nitafumua tena."

"Basi sogea hapa, unitazame vizuri, mkorofi wewe."

Tumwitike akakaa karibu naye, akaiacha kazi ya wateja wake mpaka jua likaondoka uani. Siku zilizofuata alifumua tena, na tena.

Soksi zilipokwisha, Lutengano alikataa kuvuliwa hata wakati wa kula. Akina mama wakaja kumsifu bibi.

"Nawashukuru," akasema. "Ila hizi kafuma Tumwitike."

"Bibi naye! Si tulikuona wewe na sindano mkononi?"

"Mlimwona na yeye akivuta uzi. Mimi nilikasirika, kumbe pale ndipo alipokuwa anamvisha mjukuu wangu. Aliyekufumulia ndiye aliyekufumia."