Hodi Tatu Mkononi

Hapo zamani, na msinicheke, maana zamani yangu hii ni ya juzijuzi tu, saa za mkononi ziliacha kazi yao ya kusema ni saa ngapi, zikaanza kuingilia mambo ya watu. Kisa hiki nimekisimulia mara nne. Kila mara nimetoa hukumu, na kila mara hukumu imemwangukia mtu mwingine. Leo sihukumu. Nimechoka kujibishana na nafsi yangu.

Huko Lushoto aliishi Mzee Shekiondo, fundi cherehani na mshenga wa kutegemewa. Akienda kuposa, harudi mikono mitupu. Lakini mzee alikuwa na kisukari, tena kile cha kujichoma sindano ya insulini, na hakutaka mtu ajue. Aliyejua ni binti yake Hidaya peke yake.

"Mwanangu," alimwambia, "mshenga mgonjwa hatumwi. Jambo hili liishie kwetu wawili."

Hidaya akamnunulia saa. Begani mzee akabandikwa kidude kidogo kama kifungo cha koti, cha kupima sukari mwilini. Sukari ikishuka, saa inamtikisa mkono. Naye akiigusa saa kwa kidole, inajua amesikia.

Saa ile walioipa adabu zake ni watu watatu wa Arusha. Walifanya kazi chumba kimoja, meza moja, birika moja la chai, na hawakuelewana hata siku moja.

Wa kwanza ni Atuganile. Yeye aliikuta saa inasema kila kitu. Kunywa maji. Simama utembee. Mvua inakuja. Hongera kwa hatua elfu mbili. Sukari inaanza kushuka, sukari imepanda kidogo. Akakasirika.

"Mkono wa mtu si ubao wa matangazo!" alisema. "Ikisema kila kitu, siku ya hatari nani ataisikiliza?"

Akafuta, akafuta, akafuta. Likabaki onyo moja tu, la hatari yenyewe.

Wa pili ni Mwinjuma, mtu wa Pangani. Huyu alisema, "Mtu mwenye adabu hatazami saa mbele ya watu. Ukitazama saa, umemwambia mwenzako amekuchosha. Yetu isitazamwe, isikike kwenye ngozi."

Akaifundisha kupiga hodi. Mtikisiko mmoja mrefu, kisha kimya cha dakika chache. Wa pili, kimya. Wa tatu, basi. "Hodi ni tatu," alisema. "Usipoitikiwa, unakwenda zako. Ndio ustaarabu."

Wa tatu ni Lomayani, akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Nyumba ya mtu inaungua, wewe upige hodi tatu uende zako? Ita jirani, bwana!"

Akaongeza lake. Hodi ya tatu isipoitikiwa, saa impelekee ujumbe mtu wa karibu. Ruhusa ya jambo hilo akaiweka chini kabisa ya yale masharti marefu ambayo sote tunayakubali bila kuyasoma. Mzee Shekiondo naye aliyakubali bila kuyasoma.

Haya. Siku ikafika, mzee akatumwa kumposea mpwa wake kwa akina Bibi Mwantumu. Akajichoma sindano asubuhi, na sindano ile ukishajichoma, sharti ule. Alijua kwamba mshenga hali kwa watu kabla hajajibiwa, lakini alidhani jibu litakuja upesi. Hakumjua Bibi Mwantumu.

Wali na kuku vikawekwa mbele ya wageni, vimefunikwa kawa. Bibi Mwantumu, nyanya yake binti anayeposwa, akajinyoosha mkekani.

"Kabla sijawajibu," alisema, "huyo kijana, babu yake alizikwa wapi?"

Wakamwambia.

"Na babu wa babu?"

Hodi ya kwanza ikapiga. Mzee aliisikia, akajua ni nini. Mkono wake haukusogea. Atazame saa mbele ya wakwe? Aombe sukari kabla ya jibu? Posa ingekufa pale pale.

"Na huyo babu wa babu aliacha wake wangapi?"

Hodi ya pili. Jasho likamtoka mzee, na midomo ikawa mizito.

"Na kwa nini huyo mke wa tatu alirudi kwao?"

Hodi ya tatu. Kisha saa ikanyamaza, kama mgeni mstaarabu aliyekosa wenyewe. Maneno ya Bibi Mwantumu yakawa yanamfikia mzee vipande vipande, na hakujua kichwa wala miguu yake.

"Mbona hunijibu?" bibi akauliza. "Hebu sema tena, mmekuja kufanya nini hapa?"

Mzee Shekiondo akamtazama sana. "Tumekuja kupima suruali," alisema.

"Suruali ya nani?"

"Yako wewe, bibi. Simama nipime."

Wajomba wa binti wakainuka. "Mlevi huyu! Mmetuletea mlevi!" Wazee alioandamana nao wakatazamana, hawajui waombe radhi kwa kosa gani. Na mzee anapapasa shingoni akitafuta utepe wake wa kupimia.

Jikoni kwa Bibi Mwantumu, Hidaya, aliyekuja na wanawake wa upande wao, akasikia simu yake ikilia. Akasoma: *Baba yako. Sukari imeshuka. Mpe kitu kitamu sasa.* Hakuuliza. Alichota sukari, akakoroga kwenye kikombe cha maji, akaingia kwenye baraza la wanaume bila hodi. Akamshika baba yake kichwa, akamnywesha mbele ya watu wote, akaeleza habari za ugonjwa na za saa, na siri ikamwagika hapo hapo.

Mzee alipozinduka, aliona aibu mpaka machozi yakamlengalenga. Bibi Mwantumu akawageukia wajomba.

"Mtu huyu," alisema, "alikuwa radhi afe kuliko kutazama saa mbele yangu. Kijana wa watu hawa mpeni binti. Na funueni hilo kawa, mtatuletea msiba!"

Arusi ikapangwa. Hidaya akawaandikia wale watatu wa Arusha kuwashukuru, mzee akawaalika. Siku ya arusi likaandaliwa sinia la nyumbani. Wamekaa mzee, Hidaya na Bibi Mwantumu, na nafasi moja imebaki.

"Nafasi ni moja," mzee alisema, "na atakayeketi hapa ni mwanangu, nitamhesabu katika wanangu mpaka nife. Aliyeniokoa aje aketi."

Wakasogea wote watatu.

"Mimi," alisema Atuganile. "Ningeiacha ibwabwaje kutwa, mzee, simu ya Hidaya nayo ingelia kutwa, naye angeizoea. Ujumbe ule angeusoma kesho. Na maneno yale machache ni yangu mimi."

"Na onyo la sukari inaanza kushuka, ulilifuta wewe!" alidakia Mwinjuma. "Mzee angelipata njiani, akili zake zingali timamu, angekula hata ndizi. Mimi nilimpa hodi aliyoijua bila kutazama. Heshima yake ilibaki, na ndiyo iliyompatia binti."

Mzee akatikisa kichwa. "Mwanangu, hodi zako nilizihesabu. Nilijiambia, vumilia, hii ni ya pili, ya tatu ikipita itaondoka. Nilikuwa nangojea iondoke."



"Basi ni mimi," alisema Lomayani. "Bila jirani wangu, tungekuja hapa kwa matanga."

"Ni kweli," alisema mzee. "Lakini sikukuruhusu. Tangu siku ile nimepikiwa uji na kuulizwa hali, ila kuposa sijatumwa tena, na kuposa ndiko kulikoniweka mjini. Umeniokoa, kisha umenimaliza. Nikushukuru, nikulaumu? Hata sijui."

Wakabishana. Huyu anataja uzuri wake, yule anautoboa. Na mimi ninayesimulia, akisema huyu naona kweli, akisema yule naona kweli zaidi. Pilau ikaanza kupoa, na mwenyeji hatii mkono siniani kabla mgeni hajaketi.

Asubuhi ile mzee alikuwa amejichoma sindano, akijua kuna pilau.

Saa ikapiga hodi. Safari hii kila mtu aliona mkono wake ukistuka. Hidaya akamega tonge, akamsogezea baba yake mdomoni. Mzee akauzuia mkono wa binti yake.

"Mgeni hajaketi," alisema.

"Mzee wangu, kula!" alisema Bibi Mwantumu.

"Mgeni hajaketi."

Wale watatu wamesimama, wanatazamana, kila mmoja ameinua mguu na hakuna anayethubutu kukanyaga mkeka. Hodi ya pili imeshapiga. Mimi hapa nimekwama, mimi niliyekwisha kuhukumu mara nne. Ninyi mlio na akili zilizotulia, semeni, tena semeni upesi: je, nani aketi?