Ulimi wa Zambarau

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na ofisi na mihuri yao, Mama Pimbi aliishi mwambani na wanawe watatu. Tulieni, maana kisa hiki hata mimi hunichanganya. Nchi nzima ilikuwa na mzambarau mmoja tu, nao ulikuwa wake.

Kiangazi kikaja, kikabaki kisima kimoja. Mlinzi wake alikuwa Bwana Kiboko. Sheria ilisema maji ni bure.

"Ni bure kweli, mama," Kiboko akasema. "Ila jiongeze kidogo."

"Nijiongeze vipi? Nimezaliwa mdogo hivi hivi."

"Mlinzi naye ana tumbo. Elewa."

Watoto wanalia kwa kiu. Pimbi akakimbilia ofisi ya kuzuia rushwa, kwa Afande Nyati.

"Umempa kitu?" Nyati akauliza.

"Sijampa."

"Basi huna ushahidi."

"Nikimpa?"

"Umetoa rushwa. Nakukamata."

"Sasa afande, nitoe au nisitoe?"

"Ndiyo," Nyati akajibu, akagonga muhuri, gwa.

Pimbi akatoka kichwa kinamzunguka. Akakaa chini ya mti wake akalia. Zambarau ikamdondokea puani, po. Akanyamaza, akaanza kuchuma.

Asubuhi akampelekea Kiboko kikapu kimejaa. "Nishikie tu, bwana, nafuata kibuyu. Usile hata moja."

Kiboko akamkonyeza. "Hapo sasa umejiongeza."

Pimbi akachelewa makusudi. Aliporudi, alikuja na Chifu Tembo na wanyama wote. Kikapu kilikuwa kitupu.

"Mimi sikumpa," Pimbi akasema. "Nilimwomba anishikie. Bwana Kiboko, toa ulimi."

Akautoa. Ulikuwa wa zambarau mpaka kooni.

Afande Nyati akajipenyeza mbele. "Hiyo kesi ni yangu! Ushahidi uko wapi?"

Wanyama wote wakamtazama mdomoni.

"Afande," Pimbi akasema taratibu, "hebu rudia."

Nyati akafumba mdomo. "Mm-mm," akatikisa kichwa.

"Mbona mnanikamata peke yangu?" Kiboko akafoka. "Nimempelekea fungu lake, kama kila siku."

Tembo akawatimua wote wawili. Watoto wa Pimbi wakanywa, gu gu gu, mpaka wakacheua.

Basi wanangu, anayekagua wenzake naye atoe ulimi.