Miguu ya Zimwi

Asiyeniamini ainuke sasa hivi akalale! Zimwi linalotetemeka kwa baridi lilishuka mlimani kwetu likadai blanketi la sufu, la sivyo lingetumeza wote. Tulikuwa na kondoo wa ajabu. Ukimnyoa, sufu inaota papo hapo. Dada yangu Tusekile akanyoa, akafuma.

"Mabega bado, binti!"

Akanyoa, akafuma.

"Tumbo bado!"

Akanyoa, akafuma.

"Miguu bado!"

Akanyoa, akafuma. Nani alilifunika miguu likalala? Mimi hapa!

Mnanipigia makofi? Acheni. Ilipofika zamu ya miguu, kondoo hakuwepo. Nilikuwa nimeshamchinja kwa siri na kumla, nikijiambia sufu hailiwi. Dada alinyoa nywele zake mwenyewe. Hazijaota mpaka leo, na akivua kilemba mimi hutoka nje.