Pilau Iliyopigwa Chapa

Hapo zamani, mji wa Wangani ulipata sultani mpya, naye akafungua Nyumba ya Fedha. Noti zake zilikuwa hazijachapwa, basi akakusanya zile za mfalme aliyeondoka, akaamuru neno "moja" likatwe kwa wino mwekundu, na juu yake ipigwe chapa "mia." Amri ikatoka: "Cha chini kimekufa. Kilichoandikwa juu ndicho kweli. Atakayebisha, afungwe."

Ikawa watu wa jumbani wanaingia sokoni, wanabeba watakacho kwa noti hizo, na wenye mali wanashukuru kwa lazima. Haya!

Bi Mwanamize, mpishi wa jumbani, aliitwa punguani na ujira wake ulikuwa ukoko. Kwake alikuwa na mbuzi mmoja wa maziwa, na kwa maziwa hayo alilea wajukuu watatu. Asubuhi ya karamu ya mabalozi, Waziri Darweshi akamfungua mbuzi yule kambani, akamtupia bibi noti.

"Rupia mia hiyo. Kampike pilau."

"Bwana waziri, mbona chini ya wino namwona mfalme wa zamani ananichungulia?"

"Unabisha?"

"Nibishe mimi? Nina shingo ngapi?"

Basi akamvuta mbuzi mpaka jikoni. Adhuhuri sinia likaletwa mbele ya mabalozi, limefunikwa kawa, na juu ya kawa pana karatasi: neno "Maharage" limekatwa kwa wino mwekundu, juu yake pameandikwa "Pilau ya mbuzi." Sultani akafunua. Maharage matupu, hata nazi hayana.

"Ewe mwanamke, nini hiki?"

"Pilau ya mbuzi, Seyyidi yangu. Imeandikwa."

"Haya ni maharage!"

"Hayo ya chini, Seyyidi, yamekufa. Wino nimeuomba kwa karani wako, ni uleule."

Balozi mmoja akajifanya anakohoa. Waziri akapayuka, "Afungwe!"

"Afungwe nani, bwana waziri? Mie nimekubali kila kitu. Aliyebisha ni mwenye amri."

Sultani akayatazama maharage, akawatazama mabalozi, kisha akacheka hata kilemba kikamlegea.

"Na mbuzi yuko wapi?"

"Nyuma ya jiko, Seyyidi. Anaitafuna rupia mia ya bwana waziri."

"Mrudishe kwako. Na chapa ile ivunjwe leo hii." Kisha akalisukuma sinia kwa waziri. "Darweshi, pilau yako hiyo. Kula, wala usibakishe nyama."